Msomaji auliza: mbona vinanda vya umeme uwanjani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipokuwa kijana nchini Marekani nilipiga tarumbeta katika kikosi cha gwaride, na msimu wangu wa mwisho ulikuwa 1998. Kijitabu nilichoandikia nafasi zangu uwanjani, pamoja na kamba yake ya kuning'iniza shingoni, bado ninakihifadhi. Kila Agosti ninafuatilia fainali za mashindano ya vikosi vya aina hiyo, lakini masikio yangu yamekuwa mageni, na alama za waamuzi hunishangaza. Kulikoni?

JIBU: Ndugu yangu, ulitoka wakati mabadiliko yakibisha hodi. Drum Corps International, taasisi inayoendesha mashindano hayo, ambayo ilifanya fainali zake za kwanza mwaka 1972, iliruhusu tarumbeta za ufunguo wowote wa muziki mwaka 2000 (ninyi mlipiga za ufunguo wa G tu), vipaza sauti mwaka 2004 na vinanda vya umeme mwaka 2009. Alama nazo hukushangaza kwa sababu katika 100, 40 ni za mvuto wa onyesho zima, 30 za mwonekano na 30 za muziki, kwa hiyo kikosi kilichopiga safi kuliko vyote kinaweza kushindwa, jambo ambalo hata mimi hunikera.

Ukifika Indianapolis, mji zinakofanyika fainali, keti juu kabisa, kwani maumbo yanayochorwa uwanjani huonekana vizuri kutoka huko kuliko kwenye runinga. Kabla ya hapo, pitia maegesho ya magari, ambako wapiga ngoma hupasha mikono moto wakiwa wamesimama nusu duara, bila kipaza sauti chochote. Hapo masikio yako hayatahitaji mkalimani.