Seva haipatikani, nywila imekataliwa: maswali yenu kuhusu michezo ya mtandaoni

Barua za safari hii zinafanana kwa neno moja: nimefuta. Nimefuta gemu, nimefuta akaunti, nimeirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Nawaomba sana, kabla hujafuta chochote, soma kwanza majibu mawili ya mwanzo. Makosa mengi ya kuunganishwa hurekebishika. Yanayouma ni yale tunayoyasababisha wenyewe tukiwa na haraka ya kurudi mchezoni.

WhatsApp inafunguka, video zinacheza, lakini gemu inaniandikia "imeshindikana kuunganishwa na seva". Nimeifuta na kuipakua upya mara mbili. Nifanye nini?

Kufunguka kwa WhatsApp kunathibitisha jambo moja tu, kwamba simu yako imefika kwenye intaneti. Ujumbe ukichelewa sekunde tatu huwezi kujua. Video nayo hujiwekea akiba ya sekunde kadhaa mbele, mtandao ukiyumba inaila hiyo akiba na wewe unaendelea kutazama. Mchezo hauna akiba. Isitoshe, michezo mingi hutuma data zake kwa UDP, utaratibu wa kurusha pakiti, yaani vipande vidogo vya data, bila kusubiri kuthibitishiwa kwamba zimepokelewa. Mitandao mingine, hasa ya maofisini, shuleni na hotelini, huuzuia. Ndiyo maana kila kitu kinafunguka isipokuwa gemu.

Anza na ukurasa wa hali ya huduma wa kampuni yenye mchezo wako. PlayStation, Xbox na Epic Games wote wanao. Ukikuta wameandika kuna hitilafu, basi weka simu chini usubiri. Aprili 2011 mtandao wa PlayStation ulizimwa baada ya kudukuliwa, taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini, na wachezaji wakakaa zaidi ya wiki tatu bila huduma. Katika siku zote hizo hakuna aliyeweza kuingia kwa kufuta na kupakua upya.

Kama seva ni nzima, badilisha njia. Zima Wi-Fi utumie data ya simu, au omba mwenzako akuwashie hotspot. Ukiingia, umeshajua kwamba gemu haina kosa na akaunti haina kosa, kasoro iko kwenye Wi-Fi yako. Chomoa ruta kwenye umeme nusu dakika, irudishe, iache iwake hadi taa zitulie. Ikigoma kwenye njia zote mbili ilhali wenzako wanaingia seva hiyohiyo, geukia kifaa chako: zima VPN (programu inayoipitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), angalia kama kuna sasisho, na kama ni kompyuta, angalia kama antivairasi au faiawoli imeizuia gemu. Kwa wanaotumia Steam, kuna sehemu ya kuhakiki faili za mchezo. Inapakua zilizoharibika tu, huna haja ya kurudia gigabaiti zote.

Na msimbo wa hitilafu uuandike kama ulivyo, herufi kwa herufi. Wengi mmeniandikia "imeleta namba fulani". Hiyo namba fulani ndiyo inayosema kama umekwama kwenye seva, kwenye akaunti au kwenye toleo la programu.

Nilikuwa nacheza kama mgeni kwa miaka miwili. Gemu ilipogoma nikaifuta, nikaiweka tena, sasa naanza leveli ya 1. Naweza kurudishiwa?

Pole sana. Miaka miwili si kidogo.

Ukicheza kama mgeni, seva haikujui kwa jina wala kwa barua pepe. Inakujua kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya simu yako. Ulipofuta gemu, mara nyingi ufunguo nao hufutika. Mchezo wako huenda bado uko kwenye seva, ila umebaki kama chumba kilichofungwa na mwenye ufunguo hayupo. Kwa hiyo kazi yako sasa ni kuwathibitishia watoa huduma kwamba chumba ni chako.

Kusanya ushahidi kabla hujawaandikia. Kama uliwahi kununua chochote ndani ya gemu, tafuta risiti kwenye barua pepe yako. Za Google Play zina namba ya oda inayoanza na herufi GPA. Andika jina ulilolitumia, leveli uliyofikia, aina ya simu, tarehe uliyoanza hata kwa kukadiria, na majina ya wachezaji uliokuwa nao kwenye timu. Kubwa kuliko yote ni namba ya utambulisho wa mchezaji. Mimi niliwahi kupoteza kijiji nilichokijenga kwa miezi 14, na kilichoniokoa ni picha ya skrini niliyomtumia rafiki nikimwonyesha lango jipya. Kwenye pembe ya chini kushoto, nilipoikuza picha hadi ikaanza kuchakaa, ile namba ilikuwa inasomeka. Niliwatumia, na baada ya siku sita kijiji kikarudi. Kwa hiyo pekua picha zako zote, waulize na wenzako.

Angalizo moja: hiyo akaunti mpya ya leveli ya 1 usiiunganishe na Google wala Facebook kabla hujajibiwa. Michezo mingine hukubali mchezo mmoja tu kwa kila akaunti, na ukishaunganisha mtupu, kuja kuubadilisha ni shida. Na wewe unayesoma hapa huku unacheza kama mgeni: fungua mipangilio ya gemu sasa hivi, uunganishe na barua pepe yako.

Nywila inakubali, lakini zile namba sita za programu ya uthibitisho zinakataliwa kila mara. Naziandika sawasawa kabisa.

Naamini unaziandika sawasawa. Angalia saa ya simu.

Zile namba hazitumwi kutoka popote. Simu yako na seva wana siri moja waliyopeana siku ulipoweka huduma hiyo, na kila upande huichanganya siri hiyo na saa ya wakati huo kupata namba sita. Kwa kawaida hubadilika kila baada ya sekunde 30. Simu yako ikiwa nyuma kwa dakika tano, inatoa namba ambazo seva ilishazipita. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, washa ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao, kisha jaribu tena.

Saa inaleta hata makosa yasiyofanana na ya saa. Mpwa wangu aliniletea tablet yake huku macho yamemjaa machozi: "Mjomba, gemu inasema muunganisho si salama." Nilizima Wi-Fi, nikawasha, nikabadilisha mtandao, hakuna kitu. Ndipo nikaona tarehe juu ya skrini, ilikuwa miaka miwili mbele. Alikuwa akiisogeza ili gemu nyingine ya mafumbo impe maisha mapya bila kusubiri, halafu akasahau kuirudisha. Kila seva inajitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa saa ya tablet ile, vyeti vyote vilikuwa vimeshaisha muda. Tuliirudisha tarehe, akaingia papo hapo.

Kama namba zako zinakuja kwa ujumbe mfupi, ziombe mara moja, usubiri. Ukibofya "tuma tena" mara nne, mara nyingi ni ile ya mwisho tu inayofanya kazi, na si lazima zifike kwa mpangilio.

Mchana pingi yangu ni 40, usiku inaruka hadi 300 na gemu inanitoa. Ninunue ruta mpya?

Subiri kwanza. Pingi ni muda wa kwenda seva na kurudi, kwa milisekunde. Sehemu yake moja ni umbali, na umbali hauna dawa: ndani ya nyaya za fiba mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 itakupa pingi isiyopungua 100 hata ukiwa na vifaa bora kuliko vyote. Hapo dawa ni kuchagua seva iliyo karibu, kama mchezo unaruhusu. Lakini yako mchana ni 40, na seva haikuhama jua lilipozama. Yako ni msongamano, na swali ni kama msongamano huo uko ndani ya nyumba au nje.

Unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, kisha ipigie pingi ruta yenyewe kwa amri ya ping. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta ikijibu kwa milisekunde 1 au 2 kwa waya, lakini kwa Wi-Fi inarukaruka, tatizo ni mawimbi. Masafa ya 2.4 GHz hujaa haraka kwa sababu yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, na majirani wote wamo humo. Hamia 5 GHz, ukijua kwamba hayapenyi kuta vizuri, kwa hiyo sogea karibu na ruta.

Kwa vile yako ni ya usiku, kuna jambo ningelichunguza kabla ya yote. Simu nyingi huhifadhi picha mtandaoni zikiwa kwenye chaja na Wi-Fi, yaani usiku, wakati watu wamelala na wewe ndiyo unacheza. Kasi ya kupakia huwa ndogo kuliko ya kupakua. Simu mbili zikipakia video za siku nzima, pakiti zako ndogo za gemu zinapanga foleni nyuma yake ndani ya ruta. Usiku mmoja toa kila kifaa kwenye Wi-Fi, ubaki peke yako. Pingi ikirudi 40, huhitaji ruta mpya, unahitaji kupanga saa za kupakia picha, au kuwasha sehemu ya ruta inayotanguliza data za mchezo. Isiporudi hata uko peke yako kwa waya, msongamano uko kwa mtoa huduma. Mpigie ukiwa na vipimo vya siku tatu, vyenye saa.

Je, kubadilisha DNS kunapunguza pingi?

Hapana. DNS hutafuta tu anwani ya seva kabla hujaingia. Ukishaingia haihusiki tena. Kutumia DNS nyingine, kama 1.1.1.1 ya Cloudflare au 8.8.8.8 ya Google, kunasaidia pale ambapo gemu haiioni seva kabisa kwa sababu DNS ya mtoa huduma wako imekwama.

Konsoli inaniambia NAT ni aina ya 3. Nacheza, lakini siwasikii baadhi ya wenzangu na siwezi kuwaalika.

NAT ni kazi ya ruta ya kuvipitisha vifaa vyote vya nyumbani kwa anwani moja ya intaneti. Aina ya 3 maana yake ruta yako inaruhusu data kutoka lakini inawafungia mlango wanaotaka kukufikia moja kwa moja, na sauti za wachezaji mara nyingi hupita hivyo. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, washa UPnP, inayoiruhusu konsoli kujifungulia mlango kwenye ruta, kisha zima konsoli na ruta uviwashe upya. Kama una ruta mbili, ya mtoa huduma na ya kwako, zote zinafanya kazi ileile na zinazuiana. Iweke ya pili kama daraja (bridge), ipitishe data tu. Isiposaidia, tazama anwani ya nje ya ruta. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hutaweza kulirekebisha hilo ukiwa nyumbani. Mwombe anwani ya umma, au uliza kama anayo IPv6, mfumo mpya wa anwani za intaneti usiohitaji kugawana anwani moja.

Nimeingia salama kwenye simu mpya, lakini nimekuta mhusika mpya asiye na kitu. Vitu vyangu viko wapi?

Viko kwenye akaunti nyingine, na karibu kila mara ni yako mwenyewe. Kuingia kwa Google, kwa Facebook na kwa barua pepe ni milango mitatu tofauti, hata anwani ikiwa moja. Toka, jaribu mlango mmojammoja. Tafuta pia kwenye barua pepe ujumbe wa kukukaribisha mchezoni, unaonyesha ulijiandikisha kwa njia gani. Ukishaingia, ongeza mlango wa pili kama unaruhusiwa. Oktoba 4, 2021 Facebook ilizimika kwa takriban saa sita, na waliokuwa na mlango huo peke yake walibaki nje ya michezo ambayo yenyewe ilikuwa nzima.

Mwanangu ana miaka 11. Kuna mtu ndani ya mchezo amemwambia akaunti yake ina hitilafu, amtumie namba iliyokuja kwenye simu yangu ili aitengeneze. Ameshamtumia. Nifanye nini?

Mama, fanya haya leo, ukiweza kabla hujamaliza kusoma. Badilisha kwanza nywila ya barua pepe iliyofungua akaunti, kwa sababu mwenye barua pepe ndiye mwenye vyote. Kisha badilisha nywila ya mchezo, ubofye sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote. Ondoa kadi ya benki iliyohifadhiwa humo, na uangalie kama kuna manunuzi usiyoyajua. Ukikuta nywila haikubali tena, waandikie watoa huduma kupitia sehemu ya msaada iliyo ndani ya mchezo au kwenye tovuti yao rasmi. Usifuate kiungo chochote alichotuma mtu huyo, na msaidie mtoto kumripoti na kumzuia.

Mwanao usimgombeze. Alitaka mchezo wake urudi, na mtu huyo alilijua hilo. Mweleze tu kwamba wafanyakazi wa kampuni ya mchezo hawaombi namba hiyo wala nywila, hata siku moja, na kwamba akiombwa tena aje kwako kwanza. Na kwa vile namba huwa zinakuja kwenye simu yako, mwonyeshe ule ujumbe wenyewe. Mara nyingi umeandikwa hapohapo kwamba usimpe mtu yeyote.