Usisaini kabla hujajua nani anamlipa mshauri

Mkuu, hiyo fomu usiisaini. Umeuliza uweke hela UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba), ukauliza na habari ya kununua dola, halafu mwishoni kabisa ukagusia kwamba "mshauri huru" asiyekutoza hata shilingi anakuja Ijumaa na karatasi za mpango wa akiba wa miaka 12, aondoke na kiinua mgongo chako. Tumbo limenikata. Wangu naye alikuwa huru, naye alikuwa bure.

Bure! Mtu kaja kwangu mara nne kwa bodaboda, kakaa saa mbili ananipigia hesabu, na mimi sikujiuliza anakula wapi. Kumbe ni wakala wa bima. Alichoniuzia ni bima ya maisha yenye akiba, ya miaka 10, shilingi 400,000 kila mwezi. Nilimuuliza mara mbili, mke wangu anasikia: nikikwama naweza kutoa? Akajibu, "Kaka, hii ni kama akaunti ya benki tu."

Mwezi wa 16 mama akalazwa. Nikaenda ofisini kwao kuomba hela yangu. Dada wa kaunta akafungua mkataba ukurasa wa 9, akaweka ncha ya kalamu kwenye jedwali la malipo ya anayevunja mkataba. Mwaka wa 1, sifuri. Mwaka wa 2, sifuri. Shilingi 6,400,000 zimekwenda, na saini yangu iko hapo hapo chini ya jedwali. Yule kijana alinitazama usoni huku akijua. Sijamsamehe mpaka leo. Bima ina kazi yake na ina watu wake, lakini kumwambia mtu ni akaunti ya benki ni kumwibia.

Kwa hiyo kabla hajafungua mkoba, muulize: nani anakulipa, na unapata kiasi gani mimi nikisaini? Aandike, aweke tarehe na saini yake. Anayelipwa na kampuni ni muuzaji wa kampuni hiyo. Mshauri wa uwekezaji leseni yake inatoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, wakala wa bima anasajiliwa TIRA, mamlaka ya bima; chukua namba ya leseni ukaulize huko mwenyewe, si kwa simu atakayokupigia yeye.

Mwaka jana nilimlipa mshauri 150,000 mfukoni mwangu kwa kikao kimoja. Hela yangu hakuigusa. Hatifungani nilinunua mwenyewe kwa akaunti yangu ya CDS, ile inayotunza hatifungani kwa jina langu.

Ijumaa shemeji awepo sebuleni. Akigoma kuandika, mtoe nje na chai yake haijaisha.