Gitaa lilelile, sauti zaidi

SWALI: Gitaa langu la umeme lina pikapu mbili (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), kila moja ya koili mbili, yaani mizunguko ya waya. Sauti ni nzito muda wote. Naweza kupata nyembamba bila kulitoboa?

JIBU: Unaweza, ndugu yangu. Fungua kifuniko cha nyuma uangalie nyaya za kila pikapu. Zikiwa nne na ule wa ardhi usio na ganda, kazi ni nyepesi. Ukikuta mmoja tu, mwachie fundi, maana pikapu yenyewe itafunguliwa na waya wa koili ni mwembamba kama unywele.

Wengi hukimbilia kuzima koili moja. Sauti inakuwa nyembamba kweli, ila inapungua nguvu na mvumo wa umeme unarudi, kwa kuwa koili mbili ndizo zinazoufuta. Mimi napendelea koili zote mbili zikiunganishwa sambamba (kila moja na njia yake) badala ya mfululizo (moja baada ya nyingine): sauti inang'aa, mvumo haupo. Badilisha kinobu cha toni kwa chenye swichi ya kuvuta ya kubadilisha muungano huo, chenye thamani ileile ya omu. Tundu jipya la nini?

Rangi za nyaya usiziamini, kila kiwanda kina zake. Zikiwa zimeachanishwa, pima kwa mita ya omu: nyaya mbili za koili moja husoma kilo-omu 4 hivi, au zaidi; za koili tofauti hazisomi kitu.