Usianze kwa kumnyang'anya simu

Dada yangu wa Uyole, umeuliza kama umnyang'anye simu mwanao wa miaka 11 kwa sababu umemkuta akichati na mtu asiyemjua ndani ya gemu. Pole sana. Nakusihi usianze na ukali, maana ukimkaripia leo, kesho atakuficha, na atakayefaidika ni huyo mtu. Kaa naye jikoni mkiota moto (baridi hii ya Juni inawakusanya wote hapo), umuulize taratibu: aliomba picha? Alitaka mhamie WhatsApp? Alisema usimwambie mama? Hilo la siri ndilo linaloniogopesha zaidi.

Meseji usizifute. Zipige picha ya skrini, ndipo umbloku. Kama aliomba picha za mwili au alitoa vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Halafu usiku simu ilale chumbani kwako. Family Link ya Google itakusaidia kupanga muda na kuidhinisha programu anazopakua. TikTok na Instagram zenyewe zinataka miaka 13, kwa hiyo asubiri kwanza.