Jetoni ya Jan III: ni ya fedha kweli, na ni ya 1676 kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma Kraków, Poland. Jumapili moja nilinunua kwenye gulio la vitu vya kale kijisarafu chenye upana wa milimita 25 na uzani wa gramu 5.2. Upande mmoja una upanga uliopenya mashada ya majani, taji likiwa juu, na maneno PER HAS AD ISTAM. Muuzaji aliapa kwamba ni fedha tupu, na kwamba ni miongoni mwa vile walivyorushiwa watu siku mfalme wa Poland, Jan III Sobieski, alipovikwa taji. Nitahakikishaje bila kukiharibu? Tena kimeingia weusi, nikisugue?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka: usisugue. Najua nyumbani vikuku vya bibi husuguliwa kwa majivu na ndimu vikang'aa kama vipya. Kikuku hakina mstari mwembamba wa kupoteza, jetoni (kijisarafu cha ukumbusho kama chako) inao. Weusi ule ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani, na ukiusugua unaondoka na ngozi ya fedha yenyewe. Dawa ya meno ni mchanga tu uliotiwa mnanaa. Kama kina mafuta ya mikono, kichovye kwenye asetoni safi, dirisha likiwa wazi, kisha kiache kikauke chenyewe. Usikitunze kwenye vile vifuko laini vya plastiki ya PVC. Baada ya muda huacha utando wa kijani unaonata.

Sasa muuzaji wako. Amekuuzia madai mawili kwa bei ya moja: kwamba ni fedha, na kwamba ni ya 1676. Ukithibitisha la kwanza, la pili bado litahitaji ushahidi wake, maana hakuna kinachomzuia mtu kugonga nakala kwa fedha safi mwaka huu.

Madini hupimwa kwa maji. Tafuta mizani inayosoma mpaka gramu 0.01. Weka juu yake glasi ya maji, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza jetoni kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Namba utakayoiona kwa gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya 5.2 kwa namba hiyo. Ukipata 0.50, jibu ni 10.4, na fedha safi ni 10.49, umo ndani. Ukipata 0.59, jibu ni 8.8, na hapo umeshika shaba au tombaki, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, ikapakwa fedha juu. Kiwanda cha sarafu cha Warsaw kimegonga medali nyingi za kifalme kwa tombaki ya namna hiyo katika karne ya 20, na mtu asiyezoea hawezi kuitofautisha kwa macho.

Ila kitu chako ni kidogo mno kwa kipimo hiki. Mizani ikikosea kwa 0.02 tu, jibu linacheza kati ya 10.0 na 10.8. Povu moja lililonasa kwenye herufi linatosha kukudanganya. Rudia mara tano, uchukue wastani. Sumaku usihangaike nayo. Haivuti fedha, shaba wala tombaki, kwa hiyo itakuambia tu kwamba si chuma.

Baada ya hapo chukua lenzi uangalie ukingo. Jetoni za enzi zile ziligongwa kati ya mihuri miwili ya chuma, kwa hiyo herufi husimama kwa makali na uwanja huwa laini. Nakala ya kusubu huwa na vinundu na vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, na huwa ndogo kidogo kuliko mama yake kwa sababu fedha hunywea ikipoa. Kwa milimita 25, tofauti hiyo haizidi nusu milimita, hivyo tumia kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, si rula. Ukiona mshono ukizunguka ukingo mzima, hiyo ni nakala ya umeme ya karne ya 19: maganda mawili ya shaba yaliyojengwa kwa umeme kisha yakaunganishwa, mara nyingi yakijazwa risasi ndani. Hizi ndizo hunitia wasiwasi, kwa sababu shaba nyepesi na risasi nzito zikikutana zinaweza kutoa 10.4 kwa bahati. Ukiigonga, mlio wa nakala hiyo huzima upesi, fedha huimba.

Na ukikuta alama ndogo ya kichwa cha mwanamke mwenye kitambaa kichwani na tarakimu kando yake, hiyo ni alama ya serikali ya Poland ya karne ya 20. Tarakimu 3 ni fedha ya 800, yaani sehemu 800 za fedha kwa kila 1000. Haikuwako zama za Sobieski.

Lenye kuwaponza wengi ni mwaka ulioandikwa. Kwenye medali za kutawazwa, mwaka ni wa tukio, si lazima uwe wa kutengenezwa. Sobieski alichaguliwa Mei 1674, miezi michache baada ya kuwashinda Waturuki pale Chocim, lakini vita vilimchelewesha akavikwa taji kilimani Wawel, hapo Kraków, tarehe 2 Februari 1676. Ndiyo maana ya upanga na mashada, na ya yale maneno ya Kilatini: kupitia haya hadi lile, haya yakiwa mashada ya ushindi, lile likiwa taji. (Ngeli zetu zinaifasiri Kilatini hii vizuri kuliko Kiingereza.) Medali kubwa walipewa wakuu, jetoni ndogo zikarushiwa umati, kwa hiyo hadithi ya muuzaji inawezekana. Lakini wafalme wa Poland wameendelea kutengenezewa medali karne hadi karne. Mfalme Stanisław August, aliyevikwa taji Warsaw tarehe 25 Novemba 1764 na kugongewa medali na Thomas Pingo wa London, aliagiza baadaye mfululizo mzima wa waliomtangulia. Holzhaeusser na Reichel waliuchonga wakifuata picha za mchoraji Bacciarelli. Sobieski yumo, miaka mia moja na zaidi baada ya taji lake.

Wewe una bahati ya mahali. Jumba la Czapski, tawi la Makumbusho ya Taifa, liko hapo hapo Kraków, nalo ni la sarafu na medali. Nenda ukalinganishe na zilizowekwa pale: urefu wa upanga, umbo la herufi S, nafasi kati ya maneno. Na kama unafikiria kurudi nacho nyumbani, ulizia kwanza ofisi ya mhifadhi wa mali ya kale ya mkoa, maana vitu vya umri na thamani fulani haviruhusiwi kutoka Poland bila kibali.

Ukishapima, nitumie zile namba tano zote, pamoja na picha ya ukingo iliyopigwa mchana bila mwanga wa kamera.