Re: Vijana wa karakana hawataki kuvaa miwani
Mkuu, umesema sheria za miwani ya kukinga umeshawasomea mara kibao na hawasikii. Mi nilikuwa hivyo hivyo, nasoma karatasi wanaitikia "sawa bosi" afu grainda, ile mashine ya kukata na kusaga chuma, inawaka macho wazi. Asubuhi moja nikaiweka karatasi pembeni nikawapa kisa cha fundi aliyenifundisha kazi, cheche ilimwingia jicho la kushoto, hadi leo akimimina chai anagusa kwanza mdomo wa kikombe kwa kidole maana umbali haupimi tena. Kimya. Baada ya hapo ndo nikawaambia diski nyingi za grainda za milimita 115 mwisho wake mizunguko 13,300 kwa dakika, na namba ikawaingia. Ila kiwe kisa cha kweli na kifupi, na aliyekosea kama bado yupo kazini usimtaje kabisa, utamwaibisha. Ukimaliza nyamaza, wape nafasi nao waseme ya kwao.