Ajira Minnesota zimepanda, mbona wasio na kazi nao wameongezeka?

Kila mwezi, kwa kawaida wiki ya tatu, idara ya ajira ya jimbo la Minnesota, inayojulikana kama DEED, hutoa takwimu za mwezi uliopita. Tumejibu hapa maswali ya wasomaji wanaoishi huko.

Taarifa ileile inasema ajira zimeongezeka na pia kiwango cha ukosefu wa ajira kimepanda. Tuamini lipi? (Brooklyn Park)

Yote mawili, kwa sababu ni hesabu mbili zilizopikwa vyungu tofauti. Ya kwanza huulizwa waajiri: kwenye orodha yenu ya mishahara, katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12, mmelipa watu wangapi? Hiyo huhesabu nafasi za kazi. Ya pili hupita kwenye kaya na kuuliza kila mwenye miaka 16 na kuendelea alifanya nini wiki yenye tarehe 12. Hiyo huhesabu watu. Mhudumu wa wazee anayepiga shifti za asubuhi kwenye kituo kimoja na za wikendi kwenye kingine ni ajira mbili kwenye hesabu ya kwanza, na mtu mmoja kwenye ya pili.

Halafu kuna suala la nani anaitwa asiye na kazi. Lazima awe hana kazi, yuko tayari kuanza, na ametafuta kwa vitendo ndani ya wiki nne zilizopita. Aliyesimamishwa kwa muda akisubiri kuitwa naye anaingia. Asiyetafuta hahesabiwi kabisa katika nguvukazi, yaani jumla ya wenye kazi na wanaotafuta.

Chukua mfano wa watu wazima 100. Wanaofanya kazi ni 65, wanaotafuta ni 3. Nguvukazi ni 68, na kiwango ni 3 kugawa kwa 68, yaani asilimia 4.4. Mwezi unaofuata mmoja wa hao wanaotafuta anapata kazi, na watatu waliokuwa nyumbani wanaanza kutafuta. Sasa wenye kazi ni 66 na wanaotafuta ni 5: asilimia 7.0. Ajira imeongezeka na kiwango kimepanda, wala hakuna aliyedanganya. Geuza upande wa pili: kati ya wale watatu wa mwanzo, wawili wakate tamaa waache kutafuta. Anabaki 1 kwa 66, asilimia 1.5. Gazeti litaandika habari njema, na hakuna hata mmoja aliyepata kazi.

Kwa hiyo usisome kiwango hicho peke yake. Kiweke kando ya kiwango cha ushiriki, yaani walio katika nguvukazi kwa kila watu wazima 100. Minnesota huwa karibu na 68, nchi nzima ni karibu na 62. Ukosefu ukishuka huku ushiriki nao ukishuka, usishangilie bado.

Ninaishi Moorhead, kazi yangu iko Fargo, ng'ambo ya mto. Nahesabiwa wapi? (Moorhead)

Kote kuwili. Wewe kama mtu ni mwajiriwa wa Minnesota, maana kaya yako iko huko. Ajira yako ni ya North Dakota, alipo mwajiri. Ukipunguzwa kazini, mafao ya kukosa kazi unaombea jimbo ulilofanyia kazi, si unakolala. Usipoteze muda ukijaza fomu za jimbo lisilo lako.

Niliachishwa kiwandani, nikaendesha Uber saa mbili Jumapili. Mimi nina kazi? (Saint Cloud)

Kwa takwimu, ndiyo: saa moja ya kazi ya malipo katika wiki ile inatosha. Kwenye hesabu ya waajiri huonekani popote, kwa kuwa dereva wa aina hiyo ni mtu aliyejiajiri na hayumo kwenye orodha ya mishahara ya yeyote. Kwa ofisi ya mafao ni jambo jingine kabisa. Huko unataja saa na mapato ya kila wiki, na ukifikisha saa 32 kwa wiki hupati mafao ya wiki hiyo, hata kama ulikuwa unajifanyia kazi mwenyewe. Usiseme “lakini takwimu…”. Hawazungumzi lugha moja.

Januari mafundi ujenzi wote tuko nyumbani, wao wanatangaza ajira zimeongezeka. Inakuwaje? (Duluth)

Takwimu ya kichwa cha habari imeondolewa athari za msimu. Kila Januari Minnesota hupoteza makumi ya maelfu ya ajira: ujenzi umesimama kwa barafu, maduka yameachia vibarua wa Krismasi. Wanatakwimu wanajua upungufu wa kawaida ni kiasi gani. Ukija mdogo kuliko kawaida, baada ya marekebisho huonekana ongezeko. Kwenye majedwali yao kuna pia safu ya takwimu ghafi, zisizorekebishwa kwa msimu, na hiyo ndiyo picha ya mtaani kwako.

Tahadhari moja hapa. Takwimu za kaunti kwa kawaida hazirekebishwi kwa msimu. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mtu kuchukua kiwango cha kaunti yake cha Februari na kukilinganisha na kile cha jimbo kilichorekebishwa, kisha kusema kaunti imezama. Linganisha Februari na Februari ya mwaka jana, basi.

Vivyo hivyo kwa idadi ya madai mapya ya mafao ya kukosa kazi, inayotangazwa kila wiki. Tangu kiangazi cha 2023, wafanyakazi wa shule wanaolipwa kwa saa, kama madereva wa mabasi, wapishi na wasaidizi wa walimu, wanaruhusiwa Minnesota kudai mafao shule zikifungwa. Madai yakipanda Juni, angalia kwanza kalenda ya shule.

Kwa nini namba hubadilika baada ya kutangazwa? (Rochester)

Namba inayotangazwa kwanza ni ya awali. Baadhi ya waajiri huchelewa kujibu, hivyo hurekebishwa mwezi unaofuata. Mara moja kwa mwaka hesabu nzima hupimwa upya dhidi ya ripoti za robo mwaka za kodi ya bima ya ukosefu wa ajira, ambazo hugusa zaidi ya asilimia 95 ya ajira zote. Upande wa kaya, sampuli ya jimbo moja ni ndogo, ndiyo maana kiwango cha jimbo hutoka kwenye modeli, yaani makadirio ya kitakwimu. Badiliko la nukta 0.1 au 0.2 kwa mwezi mmoja si habari. Subiri miezi mitatu ielekee upande mmoja.

Kwenye jedwali la kiwango cha ukosefu wa ajira, mbona Oktoba 2025 haina namba? (Minneapolis)

Serikali kuu ilikuwa imefungwa, na kaya hazikuhojiwa. Wiki yenye tarehe 12 ilipita, haiwezi kuulizwa nyuma. Waajiri waliweza kujibu baadaye kwa sababu wana daftari.

Mtu wa Ofisi ya Sensa amegonga mlango akitaka kuuliza mambo ya kazi. Nimjibu? (Saint Paul)

Hiyo ndiyo ile hesabu ya kaya. Ni hiari, lakini majibu ni siri kisheria. Omba kwanza kuona kitambulisho chake. Kaya huhojiwa miezi minne, hupumzishwa minane, kisha minne tena. Utaulizwa ulikozaliwa na kama ni raia, si hati za uhamiaji. Akitaka namba ya benki au fedha, huyo ni tapeli.

Mtu mmoja huruhusiwa kuwajibia wote nyumbani, na hapo ndipo mambo huharibika. Shangazi akisema kijana “yupo tu”, kijana anatolewa kwenye nguvukazi, ingawa jana usiku alituma maombi matano kwa simu. Kinyume chake, aliyeperuzi matangazo tu bila kutuma ombi wala kumpigia mwajiri hajatafuta kazi kwa maana yao. Kabla mhoji hajarudi mwezi ujao, muulize kijana ametuma maombi wapi na lini.